Miezi Sita, Halafu Miezi Sita Mingine

Kazi ya kugomboa mizigo bandarini niliifanya miaka thelathini na mmoja, na sehemu kubwa ya miaka hiyo niliipitisha nimekaa kwenye kiti cha mbao, nasubiri karatasi. Nyinyi mnaoingia sasa nnakuoneni mnapenda kupigwa picha mbele ya winchi, kofia ngumu kichwani. Pigeni, hakuna ubaya. Lakini winchi ina mtu wake. Kazi yenu nyinyi ni kusoma, na asiyependa kusoma bora atafute kazi nyengine mapema, kabla hajawaumiza watu kama nilivyowaumiza mimi.

Mwalimu wenu ameniomba nikuandikieni machache. Magoti yangu hayapandi tena ngazi, kwa hiyo nnaandika nikiwa nyumbani Bububu, mguu juu ya kigoda, na nitayaandika kama yanavyonijia. Nilipokuwa nakuja darasani kwenu mlikuwa mkiniita Bi Sauda. Endeleeni hivyo hivyo.

Ofisi yetu ilikuwa Malindi, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vifaa vya umeme. Nilipoanza, aliyenipokea alikuwa karani mkuu, Bwana Shaaban, mtu wa Pemba, mwembamba, mpole wa sauti, mkali wa macho. Hakuwahi kunifundisha kitu kwa kunieleza. Alinipa karatasi, akaniacha niisome, halafu akauliza swali moja tu: "Ukurasa wa mwisho umesema nini?" Mimi nilikuwa nshafurahi na ukurasa wa kwanza, kwenye majina makubwa na mihuri. Yeye alisema wanaoandika karatasi hizi wanaweka mbele wanachotaka ukione, na nyuma wanaweka kitakachokupata.

Mwaka wangu wa kwanza nilipokea kabati la nguo la harusi, la familia moja ya Mkunazini, lenye kioo kirefu mlangoni. Ukurasa wa mwisho uliandikwa lisimamishwe, lisilazwe. Sikuufikia. Nikawaambia mahamali walilaze kwenye mkokoteni wasije wakaliangusha. Lilipofunguliwa ukumbini kwa wenyewe, kioo kilikuwa vipande vitupu. Mama wa bibi harusi aliokota kimoja, akajitazama, akasema, "Si neno, jicho moja linaonekana." Watu wakacheka. Bwana Shaaban hakucheka. Siku ya pili yake alinipeleka kwa miguu mpaka nyumba ile niombe radhi mwenyewe, yeye kasimama nyuma yangu kama baba aliyempeleka mtoto skuli. Tulipokuwa tunarudi aliniambia, "Leo umevunja kioo. Omba Mungu kazi hii isikuvunjishe kikubwa zaidi."

Siku zile habari za meli zilikuja kwa teleksi, mistari mitatu minne, maneno yamebanwa kwa sababu kila neno lina bei yake. Tulikuwa tunaisoma teleksi kama mtu anavyosoma barua ya mwanawe aliye ng'ambo, neno kwa neno, kisha tunarudia. Halafu ikaja faksi, ikaja kompyuta, ikaja baruapepe, na karatasi badala ya kupungua zikazidi, maana sasa mtu yeyote duniani anaweza kukutumia kurasa arubaini bila ya kunyanyuka kitini. Hapo ndipo tulipoanza kusoma juu juu. Mimi nilianza pia. Nilikuwa nshakuwa karani mkuu mwenyewe, na hapakuwa na mtu wa kuniuliza habari za ukurasa wa mwisho.

Sasa nije kwenye vita. Vilikuwa mbali, baina ya nchi ambazo sijazikanyaga na sidhani kama nitazikanyaga. Tuliviona kwenye televisheni: majumba yamepasuka, wanawake wamebeba paka na mabegi, wazee wamekaa kwenye vituo vya treni. Tukasikitika, tukazima televisheni, tukala. Baada ya wiki chache vikaingia ofisini kwetu. Kampuni ya meli tuliyoiwakilisha ilituandikia kwamba serikali za kwao zimeweka vikwazo vya dharura dhidi ya nchi iliyoanzisha vita. Mizigo iliyotengenezwa huko isipakiwe bila ya kibali, na jina la kila mpokeaji lipimwe kwenye orodha ya watu waliozuiliwa. Hatua hizo, walisema, ni za miezi sita.

Hilo neno dharura nimelifikiria sana tangu nistaafu. Kwetu sisi dharura ni mzazi anayekimbizwa hospitali, ni moto wa jikoni. Inakuja, inakushughulisha, inaondoka. Ile yao haikuondoka. Ilipewa faili lake, ikapewa rafu yake kabatini. Kila miezi sita ilikuja barua ile ile, tarehe tu zimebadilika: hatua za dharura zimeongezwa muda wa miezi sita mingine. Sisemi kama walikosea au walipatia. Vita vilikuwa vinaendelea, watu wanakufa, na mimi sina elimu ya kumwambia mtu afanye nini na anayempiga jirani yake. Nnasimulia yaliyotufika sisi tuliokaa mwisho wa hizo karatasi.

Wa mwanzo kufikwa alikuwa Bwana Suleiman, muuza mishkaki wa Forodhani. Shemeji yake anayeishi Ulaya alimletea friza kuukuu la kuwekea nyama. Kompyuta ya kampuni ikasema jina la Suleiman, la baba yake na la babu yake yamefanana na la tajiri mmoja aliyezuiliwa, mwenye meli na viwanda. Nikaletewa fomu ya maswali. Nikamwita.

"Bwana Suleiman, wanauliza kama unamiliki chombo chochote cha baharini."

Akafikiri kwa makini, maana ni mtu mkweli. "Nna nusu ngarawa. Nusu ya pili ya kaka yangu."

"Niandike hivyo?"

"Si ndivyo ilivyo?"

Nikaandika nusu ngarawa. Yule ofisa wa kampuni huko akajibu baada ya siku tatu, bila ya mzaha hata kidogo, akitaka hati za usajili za ngarawa hiyo na jina la mmiliki wa nusu ya pili. Suleiman akaja na picha yake amesimama nyuma ya jiko la mkaa, kipepeo cha kupepea moto mkononi, moshi umemfunika hadi kifuani. Hiyo ndiyo tuliyowapelekea. Wakaridhika. Friza likatoka.

Jambo lenyewe halikuishia hapo. Kila vikwazo vilipoongezwa muda, orodha ilipakiwa upya, na kompyuta ikasahau kila kitu. Akiletewa hata boksi la visu, jina linawaka tena. Akawa anapita ofisini mwenyewe, kabla sijamwita, anatia kichwa mlangoni na kuuliza, "Bi Sauda, mimi bado si yule?"

"Bado si wewe," nnamjibu, na nnaanza kuandika barua upya.

Mara ya kwanza tulicheka. Mara ya tatu alikaa kwenye benchi akavua kofia, akasema, "Lakini inachosha, kuambiwa kila mara uthibitishe kwamba wewe ni wewe." Andikeni majina kamili ya wateja wenu, mpaka la babu wa pili, na tarehe ya kuzaliwa, na wekeni nakala ya karatasi kwenye bahasha. Kompyuta haina haya ya kukuuliza kitu ulichokwisha kuijibu.

Lakini mtu niliyemuumiza si Suleiman. Ni Bi Mwanakheri wa Fumba.

Bi Mwanakheri alikuwa kiongozi wa kikundi cha wanawake kumi na sita, wachuuzi wa samaki. Walikuwa wananunua dikoni wavuvi wanaposhusha, wanatia kwenye madeli yenye barafu, wanauza mjini na kwenye zile nyumba mpya za upande wao. Taabu yao ilikuwa barafu. Waliletewa na mtu mmoja, Makame, kwa gari yake kutoka mjini, na Makame akichelewa, samaki wanaanza kulegea macho. Basi walijichangisha kwa muda mrefu, wakasaidiwa kidogo na wafadhili, wakaagiza mashine ya kutengeneza barafu. Mashine ilitengenezwa katika nchi ile ile iliyokuja kuanzisha vita. Walipoagiza, vita havikuwepo.

Kontena lao lilikuwa njiani. Likashushwa kwenye bandari moja ya Ghuba, pale mizigo yetu inapobadilishwa meli, likawekwa pembeni. Nikapiga simu Fumba.

"Bi Mwanakheri, mashine yenu imezuiliwa. Ni kwa ajili ya vita vile."

"Sisi tuna nini na vita vile?"

"Hamna kitu. Ni nchi ilikotengenezwa. Lakini ni miezi sita tu, halafu wanafungua."

"Una hakika, Bi Sauda? Maana mie nna watu kumi na tano wa kuwaeleza."

"Nna hakika. Imeandikwa."

Hilo neno ndilo ninalokuombeni mlitazame vizuri. Kilichoandikwa ni kwamba vikwazo ni vya miezi sita. Hapakuwa na mtu aliyeandika kwamba baadaye watafungua. Hayo nilijiongezea mwenyewe, kwa sababu nilitaka kumpa mama wa watu neno zuri kabla ya kukata simu.

Nao wakalichukua neno langu, wakafanya nalo kazi. Wakajenga banda la matofali, wakamimina sakafu ya zege, wakavuta umeme. Mwezi wa tano wa kusubiri wakamwambia Makame kwamba miezi sita ikitimia hawatamuhitaji tena. Makame ni muungwana. Aliwauliza mara mbili kama wana hakika. Kisha akaipeleka safari yake ya barafu kwenye diko jengine, Kaskazini huko, na wale wa huko wakamshika vizuri.

Barua ya kuongeza muda ilikuja Jumanne. Niliisoma ukurasa wa kwanza, nikaitia kwenye faili, nikapiga simu.

"Miezi sita mingine, Bi Mwanakheri."

"Imeandikwa?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa nyengine.

"Imeandikwa."

Ikaingia miezi ya joto bila ya mashine na bila ya Makame. Walijaribu kununua barafu ya vipande kwenye maduka ya njiani, wakajaribu kuwahi mjini na samaki wasio na barafu, wamefunikwa magunia yaliyoroweshwa. Kuna siku gari waliyokodi iliharibika karibu na uwanja wa ndege, na madeli mawili ya vibua yakaharibikia humo. Waliwazika samaki hao ufukweni, wakachimba shimo wenyewe kwa majembe. Haya nilikuja kuyasikia baadaye, na niliyasikia kwa mtu mwengine. Bi Mwanakheri hakunipigia simu kuniambia. Wanawake wakaanza kutoka, mmoja mmoja. Mmoja akaenda kwa bintiye Dar es Salaam. Wawili wakaanza kukaanga mihogo. Mmoja, Pili, aliyekuwa hodari wa mnada kuliko wote, ambaye akitaja bei wanaume wanakaa kimya, akachukua kazi ya kufua mashuka hotelini.

Barua ya tatu ilipokuja sikupiga hata simu. Niliona aibu kuirudia sentensi ile ile. Nikaitia kwenye faili juu ya zile mbili, nikaendelea na mengine.

Aliyenifungua macho, bila ya yeye kujua, ni Bwana Suleiman. Jina lake liliwaka tena, safari hii kwa sababu ya boksi la vijiti vya chuma vya mishkaki, na yule wa kampuni akaniandikia nimtajie kipengele kinachoruhusu mtu wa jina linalofanana apitishiwe mzigo wake. Nilikuwa nimekijibu kitu hicho kila mara kwa kunakili barua ya zamani. Safari hii akakataa. Akasema kipo kwenye kiambatisho, nikitafute.

Kiambatisho kilikuwa faili la pili kwenye baruapepe. Kurasa thelathini na nne. Nilikuwa sijawahi kulifungua.

Nilianza saa nne za asubuhi. Kipengele cha Suleiman nilikipata ukurasa wa kumi na mbili. Nilikuwa na uwezo wa kuishia hapo. Sijui nini kilichonifanya niendelee. Labda ni feni, maana umeme ulikuwa mzuri siku ile na palikuwa na baridi nzuri mezani pangu. Ukurasa wa ishirini na tisa ulikuwa na orodha ya vitu visivyozuiliwa, vinavyopita kwa kibali maalumu. Dawa. Mbegu. Vyombo vya hospitali. Halafu: mashine za kupoza na kuhifadhi chakula kwa matumizi ya raia. Chini yake imeandikwa kwamba maombi yapokelewe ndani ya siku thelathini tangu kila kipindi kinapoanza.

Nikafungua kiambatisho cha barua ya pili. Ukurasa ni ule ule. Nikafungua cha barua ya kwanza. Kilikuwepo, maneno hayo hayo, tangu siku ile niliyomwambia Bi Mwanakheri kwamba nna hakika.

Bwana Shaaban alikuwa ameshafariki miaka mingi. Mungu anisamehe, nilishukuru kwamba hayupo wa kuniuliza swali lake.

Kisha nikatazama kalenda, nikahesabu kwa kidole. Ilikuwa siku ya ishirini na sita.

Nilikwenda kwa bosi wangu nikamweleza yote. Alisikiliza, akafunga mlango. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaiogopea ofisi. "Waambie wametoa ruhusa mpya," alisema. "Peleka fomu, mashine itakuja, watafurahi. Hilo jengine la nini? Nani atakwenda kusoma ukurasa wa ishirini na tisa?"

"Hakuna," nilimwambia. Na ilikuwa kweli. Kama mimi mwenyewe sikuusoma, nani mwengine?

Fomu ilitaka saini ya mpokeaji na picha ya mahali mashine itakapowekwa. Siku ya pili yake asubuhi nikaenda Fumba. Njia nzima nilikuwa najifunza maneno ya bosi wangu, nayapanga, nayapangua. Nilimkuta Bi Mwanakheri mbele ya lile banda. Mlango ulikuwa wazi, na mbuzi wawili wamelala juu ya ile sakafu ya zege.

"Shikamoo, Bi Mwanakheri."

"Marahaba. Karibu. Kheri?"

"Kheri. Nimekuja na fomu. Wametoa... kuna ruhusa sasa kwa mashine za chakula. Mkitia saini leo, huenda wakaiachia."

Akashika mikono yake miwili pamoja. "Alhamdulillahi," akasema. "Kumbe wametufikiria. Na wewe, Bi Sauda, Mungu akulipe, maana hukutuchoka. Wengine wangeshatusahau."

Hapo sikuweza. Angenilaumu ningevumilia, ningerudi Malindi na uongo wangu mfukoni. Lakini kushukuriwa kulinishinda.

"Si ruhusa mpya," nilimwambia. "Ilikuwepo tangu barua ya kwanza. Sikuisoma. Tungeomba mwanzo, mashine ingekuwa hapa kabla ya miezi ya joto."

Alikwenda akawafukuza mbuzi, akarudi. Alinitazama usoni kwa muda, kama mtu anayetafuta mahali alipopaangalia vibaya siku zote.

"Tangu kabla hatujamwacha Makame?"

"Tangu kabla."

"Tangu Pili yuko na sisi?"

"Naam."

"Nilikuuliza kama una hakika."

"Uliniuliza."

Alichukua kalamu mkononi mwangu, akaiweka fomu juu ya deli tupu, akatia saini yake polepole, herufi moja moja. Mkwewe alikuwa anakuja kutoka nyumbani na sinia, chai na mikate ya kumimina, maana mgeni kaja. Bi Mwanakheri akamwambia bila ya kugeuka, "Irudishe. Bi Sauda ana haraka."

Sikuwa na haraka. Nilipiga picha ya banda, nikaaga, nikaenda kusubiri gari barabarani, juani. Nimefokewa na manahodha na maofisa na matajiri katika kazi hii, na hakuna neno nililolikumbuka kwa muda mrefu kama hilo la sinia kurudishwa.

Fomu niliipeleka siku ya ishirini na nane. Kibali kilichukua miezi miwili na siku kadhaa, na meli ikachukua wiki tano nyengine. Mashine ilifika imekaa kontenani, kwenye jua la Ghuba, muda mrefu kuliko mashine yoyote inavyopaswa kukaa. Mipira ilikuwa imekauka na kupasuka, na mota imeganda. Fundi mmoja wa Mwanakwerekwe aliishughulikia siku nane, akiilaani na kuibembeleza, mpaka ikazunguka. Barafu ya kwanza ilitoka ya kijivu, inanuka mpira. Ya siku ya tatu ikawa nyeupe. Wanawake waliokuwepo kuiona walikuwa saba.

Na Bi Mwanakheri tuliendelea kufanya kazi, kwa sababu vipuri navyo vinapita njia hiyo hiyo na kwa kibali kile kile. Hakunivunjia heshima hata siku moja. Ila hakuniuliza tena kama nna hakika. Kila nilichomwambia aliniuliza, "Kimeandikwa ukurasa gani?" Na mimi namtajia, na yeye anaandika kwenye daftari lake. Niliona ni haki yake.

Tangu hapo nilibadilisha mambo mawili matatu, nanyi yachukueni mkitaka. Barua ikija, naandika kwa wino mwekundu kwenye kalenda ya ukutani siku ya mwisho ya maombi, kwa herufi zinazoonekana kutoka mlangoni. Tarehe vikwazo vinapokwisha siiandiki, kwa sababu nshajua haina maana. Mteja akiniuliza lini watafungua, namwambia sijui, na namwambia siku gani barua nyengine itakuja. Wateja hawaipendi jawabu hiyo. Wanakuona huna moyo. Waacheni wakuoneni hivyo. Na viambatisho nikavichapisha vyote, nikavifunga kwa uzi, kwa sababu kwenye kioo cha kompyuta jicho langu linateleza, na lenu pia linateleza, nimekuoneni.

Kabla sijastaafu nilijipa kazi moja ambayo haikuwa ya ofisi. Niliwatafuta wale tisa waliotoka, niwaambie kwa mdomo wangu kwamba mashine imekuja na kwamba makosa yalikuwa yangu, wasije wakadhani ni kiongozi wao aliyewazembea. Wanne niliwapata kwa simu. Wawili walirudi Fumba, alhamdulillahi, kikundi kikawa tisa. Yule Pili nilimfuata mwenyewe kazini kwake, nyuma ya hoteli moja ya Shangani, uani, mchana.

Alikuwa peke yake na lundo la mashuka meupe yaliyotoka kwenye kamba. Alikuwa amenenepa kidogo. Mikono yake, iliyokuwa na makovu ya miiba ya samaki, ilikuwa imelainika kwa sabuni. Nilimweleza yote nimesimama. Alisikiliza huku anakunja taulo.

"Bi Mwanakheri hajambo?" aliuliza.

"Hajambo. Anakusalimu. Nafasi yako ipo."

"Mwambie nnamshukuru." Akaweka taulo juu ya mengine, akalisawazisha kwa kiganja. "Lakini mie sirudi, Bi Sauda. Si kwa hasira. Mwanzo nilikuwa nikiamka na kusema nitarudi mashine ikija. Halafu nikasema nitarudi baada ya miezi sita. Halafu nikachoka kusema. Hapa siipendi kazi, lakini najua saa ya kutoka."

Simu yangu ikalia mkobani. Niliitoa kwa mazoea. Ilikuwa barua kutoka kwa kampuni, faili mbili. Nilifungua ile ya pili, nikaiteremsha mpaka chini, nikasoma nilichokitafuta, nikahesabu siku kichwani.

"Wameongeza tena?" Pili aliuliza.

"Wameongeza."

"Vita vyao havijesha?"

"Havijesha."

Alitikisa kichwa, akavuta shuka kubwa kutoka juu ya lundo, moja ya yale mapana ambayo mtu mmoja hawezi kuyakunja peke yake bila ya kuyaburura chini. Akatafuta pembe zake.

"Shika huko," aliniambia.

Nikaweka mkoba chini, nikashika. Tukalinyoosha, tukalikunja, yeye akaja kwangu akachukua pembe zangu, nami nikarudi nyuma kushika mkunjo. Tukachukua jengine. Yalikuwa mengi, na tuliyakunja yote.